Sokoine Angekuwa Rais 1985, Hanang Ingekuwaje?

Kila ifikapo tarehe 12 Aprili, mitandao ya Bongo inajaa picha moja. Ni ile ya Edward Moringe Sokoine, ya rangi nyeusi na nyeupe, na chini yake maneno ya aina ileile: "Huyu angekuwa rais, nchi ingekuwa mbali." Wanaoiposti wengi hawakuwa wamezaliwa alipofariki mwaka 1984. Hawakumwona bungeni wala hawakuwahi kupanga foleni ya sukari. Lakini stori wanaijua, na wanaipenda.

Kiukweli ni stori tamu. Kiongozi msafi, mkali kwa walanguzi, anafariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 45, mwaka mmoja na nusu tu kabla Mwalimu Nyerere hajang'atuka. Lazima watu wabaki wanajiuliza "ingekuwaje".

Tatizo ni kwamba swali hilo siku zote linaulizwa kutokea Dar. Ingekuwaje bei, ingekuwaje rushwa, ingekuwaje viwanda. Hebu leo liulizwe kutokea sehemu nyingine kabisa: Hanang na Mbulu, Manyara, kule chini ya mlima ambao wengi waliusikia Desemba 2023 baada ya maporomoko ya matope kuivamia Katesh. Ukiliulizia huko, jibu linabadilika. Na pengine ndiko kwenye jibu la kweli zaidi.

Kwanza, yaliyotokea kweli

Mwaka 1983 Tanzania ilikuwa hoi. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikomba hazina. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977. Madukani hakukuwa na sabuni, sukari, dawa ya mswaki wala khanga, na ukivikuta ni kwa mgao au kwa mlango wa nyuma. Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishajiuzulu mwishoni mwa 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, lile linaloitwa IMF.

Februari 1983 Sokoine akarudi kwenye uwaziri mkuu. Alishaushika kuanzia 1977 hadi 1980, akapumzika, akaenda kusoma Yugoslavia. Aliporudi alirudi na moto. Mwezi uliofuata ikaanza ile operesheni maarufu ya kuwasaka wahujumu uchumi. Maghala yakapekuliwa, watu wakawekwa ndani, wengine usiku wa manane wakawa wanatupa bidhaa zao wasikutwe nazo. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvu Kazi: kama huna kazi mjini, unarudishwa kijijini kulima.

Huyo ndiye Sokoine anayekumbukwa. Ila kuna Sokoine wa pili, ambaye hapostiwi sana. Mwaka huohuo wa 1983 serikali yake iliruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, kwa sababu mabasi ya UDA yalikuwa yameshindwa. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani "dala", na hapo ndipo jina daladala lilipopatia umaarufu. Mwaka huohuo ikatoka sera mpya ya kilimo iliyowapa nafasi wakulima wakubwa binafsi na wenye kutaka kukodi ardhi kwa miaka mingi. Vyama vya ushirika, vilivyofutwa 1976, vilikuwa vinarudi kwa sheria ya 1982.

Kwa hiyo mtu mmoja, mkono huu anamfunga mfanyabiashara, mkono huu anamfungulia mlango. Kumbuka hilo, litarudi mbele.

Tarehe 12 Aprili 1984, Bunge lilipoahirishwa Dodoma, Sokoine akaondoka kwa gari kuelekea Dar es Salaam. Maeneo ya Dakawa, Morogoro, gari lake likagongana na jingine. Jioni Mwalimu mwenyewe akatangaza redioni. Waliokuwepo wanasema nchi ilinyamaza.

Salim Ahmed Salim akawa Waziri Mkuu. Ali Hassan Mwinyi alikuwa na miezi michache tu kwenye urais wa Zanzibar, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu Januari 1984 katika ile iitwayo "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Mwaka 1985, chama kilipokaa kutafuta mrithi wa Nyerere, majina yaliyozungumzwa ni Mwinyi, Salim na Rashidi Kawawa. Akapita Mwinyi. Novemba akaapishwa, na mtaani akapewa jina ambalo halijamtoka: Mzee Ruksa.

Moscow nako walikuwa na Sokoine wao

Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti. Ilikuwa na Ujamaa wake wenyewe, misikiti na makanisa yamejaa, na Mwalimu hakuwa mtu wa kupangiwa na Mrusi. Lakini kilikuwa chama kimoja, uchumi mkubwa ukiwa mikononi mwa mashirika ya umma, na kiongozi aliyekaa zaidi ya miaka ishirini. Chama cha namna hiyo kina ugonjwa mmoja popote duniani: kupokezana kijiti. Hakuna kura ya kweli ya kuamua, kwa hiyo kila kitu kinabebwa na mtu. Akifa mtu mmoja, historia nzima inakata kona.

Urusi ya Kisovieti mambo yalienda hivyohivyo, na miaka karibu ileile. Novemba 1982 Yuri Andropov alichukua uongozi. Naye alianza na nidhamu: polisi walikuwa wanaingia hadi majumba ya sinema mchana kuuliza watu kwa nini hawapo kazini. Naye alikuwa ameanza kujaribu mageuzi madogo ya uchumi. Naye akafariki, Februari 1984, miezi miwili kabla ya Sokoine. Akafuata Chernenko, mzee mgonjwa aliyedumu mwaka mmoja tu, kisha Machi 1985 akaja Mikhail Gorbachev na kufungua madirisha yote.

Huko nako mpaka leo watu wanajiuliza: Andropov angeishi miaka mitano zaidi, je, nchi ingefanyiwa mageuzi taratibu bila kuvunjika? Swali ni lilelile la Aprili 12. Watu wanatamani mageuzi yaliyoshikwa na mtu mkali na msafi. Soko lifunguliwe, lakini mwizi asipite.

Haya, gari lipite salama

Sasa tuingie kwenye kubuni. Tuseme jioni ile gari linapita Dakawa, linafika Dar, na Sokoine analala nyumbani kwake.

Juni 1984 inakuja bajeti. Katika historia ya kweli, bajeti ile ndiyo iliyoruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa nje bila kubanwa sana amezipata wapi. Ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa, shilingi ikashushwa thamani. Waziri wa Fedha alikuwa Cleopa Msuya. Watu husahau kwamba hayo yalitokea Nyerere akiwa bado Ikulu, kabla ya Mzee Ruksa. Sokoine angeipinga? Haielekei. Hazina ilikuwa tupu, na mtu aliyeruhusu daladala hakuwa mtu wa kung'ang'ania kitu kisichofanya kazi. Labda angeuliza swali moja tu ambalo halikuulizwa: hela hizi za kigeni zimetoka wapi?

Kisha 1985. Hapa ndipo posti nyingi zinaruka hatua. Hakuna karatasi iliyowahi kusema Sokoine ndiye mrithi. Watu wengi waliamini hivyo, na ishara zilikuwepo, ila Zanzibar ilikuwa imetoka kuchafuka, na kumchukua Mzanzibari kuongoza Muungano kulikuwa na maana kubwa ya kisiasa. Inawezekana Sokoine angekuwa hai na bado Mwinyi akapita. Lakini tuseme chama kinamchagua Sokoine, na Novemba 1985 anaapa.

IMF? Angesaini. Katika historia ya kweli makubaliano yalifikiwa Agosti 1986, na nchi haikuwa na njia nyingine. Pengine angebishana miezi sita zaidi. Mitumba ingeingia, maduka yangejaa, labda kwa kelele chache na kesi nyingi zaidi mahakamani. Mpaka hapo Dar ya Sokoine na Dar ya Mwinyi zinafanana kuliko watu wanavyotaka kukubali.

Sasa panda basi, pita Arusha, pita Babati, shuka Katesh.

Mkate wa mjini, malisho ya Hanang

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kwa msaada wa Kanada ilianza kilimo kikubwa cha ngano kwenye tambarare za Basotu, Hanang. Msimamizi alikuwa NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula. Shamba la kwanza likazaa mengine hadi yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal. Jumla ya ardhi inayotajwa mara nyingi ni ekari 100,000. Matrekta ya Kanada, mashine za kuvunia za Kanada, wataalamu wa Kanada. Lengo lilikuwa jema ukiliangalia kutokea mjini: nchi ijilishe mkate wake.

Ila ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, wafugaji ambao majirani wamezoea kuwaita Mang'ati, jina lenye asili ya Kimaasai na maana yake ni adui. Mifugo yao ilizunguka kwa zamu kufuata mvua na majani. Sehemu bora kuliko zote ni yale mabonde yenye udongo mzito wanayoyaita muhajega. Ng'ombe wakiondoka pale kupisha majani yaote, mgeni akipita anaona pori lisilo na mwenyewe. Kumbe ni kama mtu kafunga duka kaenda kula, ukasema duka halina mwenyewe.

Ngano ikapandwa palepale kwenye muhajega. Njia za ng'ombe kwenda majini zikakatwa. Aliyekatiza shambani na mifugo akakamatwa kwa kuvamia. Na kuna jambo lililouma kuliko yote: makaburi. Mzee mkubwa wa Kidatoga akifa hujengewa bung'ed, kichuguu kirefu cha udongo, na sherehe yake huchukua miezi. Ukoo unarudi pale kuomba miaka na miaka. Matrekta yalilima juu ya baadhi ya makaburi hayo. Baadaye Wabarbaig waliwaandikia wananchi wa Kanada barua ya wazi, wakawaeleza msaada wao unafanya nini.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake wakaenda mahakamani dhidi ya NAFCO. Fikiria ujasiri wake: chama kimoja, shirika la serikali, na kundi la wafugaji na wakulima wanasema, "Hii ni yetu." Mwaka 1984, mwaka uleule wa Dakawa, Mahakama Kuu ikawapa ushindi.

Mwaka 1985, mwaka uleule wa kupokezana kijiti, Mahakama ya Rufaa ikaupindua. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria. Na wanakijiji wenyewe? Hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na mkoloni. Soma tena hapo. Mtu ambaye bung'ed la babu yake limelimwa na trekta anaambiwa hajaleta ushahidi kwamba ni mwenyeji.

Je, Rais Sokoine angewarudishia?

Hapa ndoto ya Aprili 12 inapimwa kwenye mizani.

Upande mmoja una matumaini. Sokoine alikuwa Mmaasai wa Monduli, mtoto wa wafugaji. Hanang na Mbulu wakati ule zilikuwa mkoa wa Arusha, mkoa wake mwenyewe, kwani Manyara ilizaliwa 2002. Hakuhitaji kuelezwa njia ya ng'ombe ni nini, wala kwa nini ardhi ikipumzika si ardhi iliyotupwa. Na alikuwa mkali kwa watendaji wanaoonea watu. Kati ya wote waliotajwa kumrithi Mwalimu, hakuna aliyekuwa karibu na boma la ng'ombe kuliko yeye.

Upande wa pili haupendezi sana. Miaka ya 1977 hadi 1980, Sokoine akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza, mradi wa ngano haukurudi nyuma, uliendelea mbele. Sera ya kilimo ya 1983 ilitaka mashamba makubwa zaidi, sio machache. Nguvu Kazi ilikuwa na mawazo yaleyale yaliyowaumiza Wabarbaig: serikali ndiyo inajua nani anafanya kazi na nani hafanyi, nani anatumia ardhi na nani anaichezea. Na nchi yenye njaa ya fedha za kigeni isingeacha ngano yake kwa sababu ya malisho. Julai 1984, miezi mitatu baada ya kifo chake, Morogoro ilipata Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jina lake likawekwa kwenye kilimo cha kisasa, na watu waliona linafaa.

Kwa hiyo tukicheza filamu yetu kwa haki, Rais Sokoine labda anatembelea Basotu. Labda anasikiliza wazee chini ya mti, anafukuza meneja mmoja, anaagiza njia za ng'ombe zifunguliwe na makaburi yazungushiwe uzio. Watu wanampigia makofi, na wana haki ya kumpigia. Lakini mashamba yanabaki. Na siku akiondoka, meneja mwingine anafunga njia tena, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Alichowapa ni huruma yake, na huruma ya rais huondoka na rais.

Huo ndio udhaifu wa "angekuwa yeye". Ni ugonjwa uleule wa chama kimoja, umegeuzwa kuwa maombi.

Waliobadilisha mambo hawapostiwi

Turudi kwenye yaliyotokea. Mageuzi ya Mwinyi yalifungua maduka, ila ardhi ilikuwa habari nyingine. Soko likifunguka ardhi inapanda thamani, na ikipanda thamani, asiye na karatasi ndiye wa kwanza kusukumwa. Mwaka 1987 serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila za ardhi kwenye vijiji kadhaa vya mkoa wa Arusha. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufunga mjadala wote wa ardhi zilizochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: haki za zamani zimefutwa, kesi zilizoko mahakamani zimekwisha, fidia hakuna.

Wakati huo kulikuwa na baba na mwanawe kule Kambi ya Simba, Mbulumbulu, upande ambao enzi hizo ulikuwa wa Mbulu na leo ni Karatu. Walikuwa wamepokonywa shamba kwenye Operesheni Vijiji, wakaenda mahakamani, wakashinda, wakarudishiwa. Sheria mpya ikaja kuwanyang'anya kwa mara ya pili. Hawakusubiri kiongozi msafi. Wakaishtaki Jamhuri.

Desemba 1994 Mahakama ya Rufaa, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo: haki ya kimila ya ardhi ni mali, na mali inalindwa na Katiba. Serikali haiwezi kuichukua bila fidia ya haki, na haiwezi kumfungia mtu mlango wa mahakama. Miaka mitano baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayosema haki ya kimila ina uzito sawa na hati ya mjini.

Angalia kilichobadilika kati ya 1985 na 1994. Mahakama ni ileile, na jaji mkuu ni yuleyule. Ila mwaka uleule wa 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, na mahakama zikaanza kuzitumia 1988. Mfugaji wa Mulbadaw alikuwa na ukweli tu. Mkulima wa Kambi ya Simba alikuwa na ukweli na ibara ya kuushikia. Kama unatafuta tukio la 1984 lililobadilisha maisha ya watu wa Mbulu na Hanang, inawezekana halikutokea barabarani Dakawa. Lilitokea bungeni, na hakuna anayeliposti.

Usidhani stori iliishia vizuri kwa kila mtu. Wakanada waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. NAFCO ikafa. Miaka ambayo Frederick Sumaye, mwana wa Hanang, alikuwa Waziri Mkuu, kuanzia 1995 hadi 2005, ndiyo miaka mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa. Mashamba ya ngano mengine yakagawiwa vijiji, mengine yakaenda kwa wawekezaji. Bung'ed lililolimwa halikurudi. Na mpaka leo mfugaji na mkulima bado wanagombana mipaka, kwa sababu sheria kuwepo ni jambo moja, na hati kufika mkononi mwa bibi wa Basotu ni jambo jingine.

Aprili 12 ijayo picha itarudi tena, na si vibaya. Sokoine alistahili kuliliwa. Ila ukimaliza kuiposti, piga simu nyumbani umuulize mzee swali dogo: shamba letu limeandikwa kwa jina la nani? Likiwa halijaandikwa, hata Sokoine mwenyewe akifufuka hawezi kulilinda milele.